Brazil inavyonunua chakula cha shule kwa mkulima mdogo, na kwa nini asilimia peke yake haitoshi

Mjadala wa soko la mkulima ukiibuka, hoja moja hairudi nyuma: serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa wa chakula. Shule za bweni, hospitali, magereza na kambi za jeshi hula kila siku ya Mungu. Kwa nini fedha hizo zisiende kwa wakulima wake?

Hoja ni ya haki. Ugumu wake ni kwamba taratibu za ununuzi wa umma, karibu kila nchi, zilitungwa kwa kufikiria barabara, magari na madawati. Zinatafuta bei ya chini kabisa, kwa shehena kubwa, kutoka kwa mzabuni mwenye makaratasi kamili na mtaji wa kumwezesha kusubiri malipo miezi kadhaa. Mkulima wa ekari tatu hana hata kimoja kati ya hivyo. Serikali ikiandika kwenye sera kwamba wakulima wa ndani wapewe kipaumbele na isiguse kitu kingine, zabuni itachukuliwa na mfanyabiashara yule yule wa jumla, safari hii akiwa na barua ya kuthibitisha kwamba mahindi yake yalilimwa nchini.

Nchi iliyolifanyia kazi jambo hili kwa undani ni Brazil. Tangu 2009 sheria yake inataka sehemu ya fedha za chakula cha shule inunue mazao ya wakulima wa familia. Watu wengi huijua ile asilimia 30, na ndiyo inayonukuliwa kwenye semina. Lakini asilimia ndiyo sehemu nyepesi ya mpango mzima. Kilichoufanya ufanye kazi ni mambo yaliyobadilishwa chini yake: namna ya kupanga bei, namna ya kumtambua mkulima, menyu, ukubwa wa mafungu na njia ya malipo.

Upendeleo wa nani?

Sera za aina hii huchanganya walengwa watatu ambao si wamoja: bidhaa ya nchi, mzalishaji wa jirani, na mkulima mdogo.

Marekani, katika chakula cha mchana cha shule, inalenga bidhaa ya nchi. Shule zinatakiwa kununua vyakula vya Marekani, na kilichosindikwa huhesabiwa kuwa cha Marekani ikiwa zaidi ya asilimia 51 ya mazao yaliyomo yamelimwa humo. Kuanzia Julai 2025 bidhaa za nje haziruhusiwi kuvuka asilimia 10 ya gharama ya mwaka ya vyakula ambavyo shule inavinunua sokoni. Kikomo kitashuka hadi asilimia 8 mwaka 2028 na asilimia 5 mwaka 2031. Kanuni hiyo haiulizi ukubwa wa shamba. Kampuni yenye maelfu ya hekta inafaidika nayo sawasawa na familia yenye hekta kumi, na kwa kuwa ndiyo yenye kiwanda cha kusindika, kwa kawaida inafaidika zaidi.

Ulaya wanatamani kumlenga jirani, ila sheria inawabana. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2014 kuhusu ununuzi wa umma linakataza kumbagua mzabuni kwa sababu ya anakotoka, kwa hiyo halmashauri ya mji wa Ufaransa haiwezi kuandika kwenye zabuni kwamba inataka karoti za wilaya yake. Inazunguka: inadai mazao ya msimu, mazao yaliyovunwa karibuni, au inakata zabuni moja kubwa kuwa vipande vidogo ambavyo mkulima anavimudu. Sheria ya Ufaransa ya 2018 iitwayo EGalim imepita njia hiyo. Tangu Januari 2022 migahawa ya umma inatakiwa kutumia angalau asilimia 50 ya thamani ya manunuzi yake kwa bidhaa zenye alama za ubora na utunzaji wa mazingira, na asilimia 20 iwe ya kilimo hai.

Brazil ilimchagua mkulima mdogo, kisha ikautumia ujirani kama kigezo cha kuamua nani atangulie. Na ilimtambua kwa sheria kabla ya kumpa soko. Sheria namba 11.326 ya 2006 inasema mkulima wa familia ni yule ambaye shamba lake halizidi moduli nne za ardhi, nguvukazi kubwa ni ya familia, sehemu ya kipato chake inatoka shambani humo, na yeye na familia yake ndio wanaoliendesha. Moduli hiyo hutofautiana kwa manispaa, kuanzia hekta 5 karibu na miji mikubwa hadi hekta 110 katika baadhi ya maeneo ya Amazon. Kwa hiyo mkulima wa familia anaweza kuwa na hekta 20 pembezoni mwa mji, au 440 msituni. Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa, lakini la kujifunza si ukubwa. La kujifunza ni kwamba kuna daftari la taifa, mkulima ana namba yake ndani ya daftari hilo, na afisa manunuzi anaweza kuihakiki kwa dakika chache. Bila daftari la namna hiyo, kila dalali ni mkulima.

Kilichobadilishwa kabla ya asilimia

Chakula cha shule Brazil kilianza rasmi 1955. Kwa miongo mingi serikali kuu ilinunua kutoka makao makuu na kusafirisha vyakula vya unga na vya kopo katika nchi yenye ukubwa wa bara. Vilichelewa, vilichacha, na watoto wa kaskazini walipelekewa vyakula ambavyo nyumbani kwao havijulikani. Sheria ya 1994 ilivunja utaratibu huo: fedha zikaanza kupelekwa kwa majimbo na manispaa, nazo zikanunua zenyewe. Hatua hiyo haikumtaja mkulima popote, lakini bila ya hiyo yaliyofuata yasingewezekana, maana mnunuzi aliyeko mji mkuu hawezi kununua mafungu ya mchicha.

Mwaka 2003, chini ya mpango wa serikali wa kutokomeza njaa, ulianzishwa mpango wa kununua mazao ya wakulima wa familia bila zabuni na kuyagawa kwa wahitaji. Huo ulikuwa uwanja wa majaribio. Ulionyesha kwamba serikali inaweza kulipa bei ya soko kwa mkulima asiye na kampuni, na hesabu zikakaguliwa.

Ndipo ikaja Sheria namba 11.947 ya Juni 2009. Kifungu cha 14 kina mambo mawili, na la pili ndilo zito. La kwanza ni kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ambazo mfuko wa elimu wa taifa, FNDE, unazituma kwa ajili ya chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wa familia, kwa kipaumbele kwa walowezi wa mageuzi ya ardhi, jamii za wenyeji asilia, na wale wa vijiji vya quilombola, yaani wazao wa watumwa waliotoroka. La pili ni kwamba ununuzi huo unaweza kufanywa bila zabuni ya ushindani, mradi bei ilingane na ya soko la mahali na chakula kipite ukaguzi wa ubora. Ruhusa hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Asilimia ilikuja kuwalazimisha maafisa waupite.

Kiwango kimeongezwa tangu hapo. Sheria iliyopitishwa Septemba 2025 imekipandisha hadi asilimia 45 kuanzia Januari 2026. Nyingine ya 2023 inataka familia ikiuza, angalau nusu ya thamani ya mauzo iandikwe kwa jina la mwanamke. Tangu 2016 taasisi za serikali kuu zinazonunua chakula, jeshi na hospitali za vyuo vikuu zikiwemo, nazo zinatakiwa kutenga angalau asilimia 30 kwa wakulima hao.

Kutoka menyu hadi malipo

Mzunguko hauanzii kwa afisa manunuzi. Unaanza kwa mtaalamu wa lishe, ambaye kila manispaa inalazimika kuwa naye. Yeye hukaa na ofisi ya kilimo na vyama vya wakulima, akaorodhesha nini kinalimwa, mwezi gani, kwa kiasi gani. Menyu hutungwa kutokana na orodha hiyo. Utaratibu ukigeuzwa, menyu ikatungwa kwanza na mkulima akatafutwa baadaye, mambo huharibika mapema: menyu inadai tufaha mahali panapolimwa mapapai, au nyanya mwezi ambao mvua imeziozesha. Kanuni za 2020 zilisaidia hapa kwa kutaka angalau asilimia 75 ya fedha itumike kwa vyakula vibichi au vilivyosindikwa kidogo tu. Menyu ya biskuti na soseji haina nafasi ya mkulima hata sheria iseme nini.

Baada ya menyu huja bei. Manispaa hukusanya bei kutoka angalau masoko matatu ya mahali hapo, magulio ya wakulima yakitangulizwa, na kuchukua wastani. Bei hiyo inatakiwa kubeba usafiri, vifungashio na gharama nyingine za kufikisha mzigo. Kwa mazao ya kilimo hai inaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 30. Ikishapangwa huandikwa kwenye tangazo na haishindaniwi tena. Mkulima akija na bei ya chini zaidi hapati pointi yoyote. Kwa afisa aliyezoea zabuni hilo ni gumu kulimeza, lakini ndilo linalomzuia mwenye lori kumfukuza mwenye toroli kwa kushusha bei msimu mmoja.

Tangazo hutolewa kwa siku 20 zisizopungua. Linataja zao, kiasi, bei, ratiba na mahali pa kupeleka. Wakulima huleta mpango wa mauzo: karatasi inayosema nani atapeleka nini, kiasi gani, lini. Wanaweza kuja kama ushirika uliosajiliwa, kikundi kisicho rasmi, au mtu mmoja mmoja. Mipango hupangwa kwa ngazi: wa manispaa ile ile kwanza, kisha eneo la jirani, kisha jimbo, kisha nchi nzima. Ndani ya kila ngazi hutangulia jamii zilizotajwa na sheria, halafu kilimo hai, halafu ushirika mbele ya mtu mmoja. Wa mbali hufikiriwa pale wa karibu wanaposhindwa kutosheleza kiasi.

Waliochaguliwa huleta sampuli, mkataba husainiwa, mzigo huanza kupelekwa. Kila upelekaji huwa na hati ya mapokezi inayosainiwa na pande zote mbili, na malipo hufuata ankara. Juu ya yote linakaa baraza la chakula cha shule, angalau watu saba: mmoja wa serikali ya manispaa, wawili wa watumishi wa elimu au wanafunzi, wawili wa wazazi na wawili wa asasi za kiraia. Baraza hukagua stoo, jiko na hesabu, na maoni yake huambatana na taarifa ya mwaka. Manispaa isiyo na baraza inaweza kusimamishiwa fedha. Adhabu hiyo inauma, kwa hiyo mabaraza yapo.

Hesabu ya ndizi

Tuchukue manispaa ya mfano yenye wanafunzi 4,000 wa shule za msingi. Tukitumia kiwango kilichowekwa 2023, serikali kuu ingetoa reali 0.50 kwa mwanafunzi kwa siku, kama senti 10 za dola ya Marekani, kwa siku 200 za masomo. Kwa mwaka ni reali 400,000, zikija kwa mafungu. Asilimia 45 yake ni reali 180,000.

Kila familia ina kikomo cha kuuza kwa mnunuzi mmoja kwa mwaka. Kilianza na reali 9,000 mwaka 2009, kikapanda hadi 20,000, na mwishoni mwa 2021 kikafika 40,000. Kwa kikomo hicho manispaa yetu haiwezi kutimiza sharti kwa familia chini ya tano. Kwa vitendo huwa nyingi zaidi, maana familia chache huweza kufikisha mazao ya thamani yote hiyo kwa mnunuzi mmoja.

Sasa ndizi mbivu. Mtaalamu wa lishe anataka kila mtoto ale gramu 80, mara moja kwa wiki. Watoto 4,000 ni kilo 320. Hapo makosa huanza, kwa sababu kilo 320 ni za nyama ya ndizi, na ganda lina uzito wake. Ikiliwa asilimia 65 hivi ya ndizi nzima, zinahitajika kilo 490 kila wiki. Tangazo likiandikwa kilo 320, robo tatu ya mwezi wa kwanza haitapita kabla wapishi hawajaanza kukata ndizi nusu nusu. Kwa wiki 40 za masomo ni karibu tani 20. Shamba dogo linalotoa tani 13 kwa hekta lingehitaji hekta moja na nusu zinazovunwa kwa zamu mwaka mzima, pamoja na ziada ya kufidia mikungu iliyoangushwa na upepo. Kwa bei ya kudhania ya reali 4 kwa kilo, thamani ni 80,000. Familia mbili zitafika kikomo chao kamili, au nane zitapata reali 10,000 kila moja.

Faida ya hesabu hii ni kwamba unapanga ushirika kabla haujaanza. Familia nane haziwezi kuvuna zote siku moja kisha zikapumzika wiki tatu. Zinahitaji ratiba ya zamu, mtu wa kupokea simu, na makubaliano ya nani anaziba pengo la mwenzake. Vyama vinavyodumu kwenye mpango huu ni vile vilivyoajiri angalau karani mmoja wa kushughulikia ratiba na ankara.

Panapokwama

Usafiri ndio unaowaumiza wengi. Tani 20 za ndizi zikipelekwa stoo moja ya manispaa ni safari 40 kwa mwaka. Zikitakiwa shule kwa shule, na shule ziko 25 zilizotawanyika mashambani, safari 40 zinageuka vituo 1,000, na kwenye kila kituo mtu anashusha wastani wa kilo 20. Bei ni ile ile ya wastani wa gulio, ambako mnunuzi hujichukulia mwenyewe. Kanuni inasema usafiri uingizwe kwenye bei, lakini afisa akinakili bei za gulio bila kuongeza kitu, mkulima atagundua mwezi wa pili kwamba anailipa manispaa ili imnunulie ndizi. Tangazo linalofaa hutaja vituo vyote na umbali, na hugawa mafungu kwa maeneo, ili mkulima wa upande wa mto aombe shule za upande wake.

Mazao ya mifugo yana kikwazo chake. Maziwa, nyama, asali na mayai hayapiti bila muhuri wa ukaguzi wa afya, wa manispaa, wa jimbo au wa taifa. Manispaa ndogo nyingi hazikuwa na ofisi ya ukaguzi, kwa hiyo wafugaji wake walikaa nje ya mpango huku maziwa ya kiwanda yakija kutoka mbali. Si uzembe wa mfugaji. Ni huduma ya serikali ambayo haikujengwa, na suluhisho lililofanya kazi ni manispaa kadhaa kuungana na kuajiri daktari wa mifugo mmoja.

Likizo ni jambo jingine. Shule hufungwa Januari na katikati ya mwaka, lakini mgomba haufungi. Mkulima aliyetegemea shule peke yake hupoteza mavuno ya wiki kadhaa. Ndiyo maana washauri wa kilimo huwaambia wakulima waiweke shule kama sehemu tu ya soko lao, gulio libaki.

Mazao yanayokataa kufuata mkataba ndiyo yaliyoleta majeraha makubwa. Septemba 2013 polisi wa serikali kuu waliendesha operesheni katika jimbo la Paraná dhidi ya watu wa ule mpango wa 2003, na wakulima wakawekwa ndani. Sehemu ya tuhuma ilihusu hati zilizoonyesha zao moja wakati lililopelekwa ni jingine. Shambani hilo ni la kawaida: baridi imeua letusi, mkulima anapeleka kabichi ya thamani ile ile, karani anaacha hati ilivyo. Miaka kadhaa baadaye mahakama iliwaachia, lakini hofu ilikuwa imeshawaondoa wengi. Kanuni za chakula cha shule zimelizingatia hilo vizuri. Zao linaweza kubadilishwa ikiwa mbadala wake nao umo kwenye tangazo lile lile, lishe yake inalingana, na mtaalamu wa lishe amesaini. Sentensi hizo chache kwenye mkataba zinamkinga mkulima kuliko asilimia yoyote.

Sheria yenyewe iliacha milango mitatu ya kutokea: sharti linaweza kusamehewa ikiwa haiwezekani kutoa ankara halali, ikiwa wakulima hawawezi kuleta mzigo kwa uhakika na mfululizo, au ikiwa usafi hauridhishi. Mlango wa pili ndio uliochakaa. Manispaa isiyotaka usumbufu hutangaza kiasi kikubwa kwa fungu moja, hakuna anayekimudu, kisha inaandika kwamba wakulima wameshindwa. Ndiyo maana miaka ya mwanzo wastani wa taifa ulikaa chini kabisa ya 30, huku manispaa nyingine zikivuka 50 na jirani zake zikibaki sifuri. Mkaguzi makini haangalii sababu iliyoandikwa. Anaangalia tangazo liliandikwaje.

Je, sheria za biashara ya dunia zinaruhusu?

Wasiwasi huu huzungumzwa sana na mara nyingi hutiwa chumvi. Makubaliano ya msingi ya biashara ya bidhaa, GATT, kifungu cha III, yanaondoa ununuzi wa serikali kwa matumizi yake yenyewe kwenye sharti la kutobagua bidhaa za nje. Mkataba unaobana ni ule maalumu wa ununuzi wa umma chini ya Shirika la Biashara Duniani, WTO, nao huwafunga waliojiunga tu. Hakuna nchi ya Afrika iliyojiunga. Brazil iliomba 2020, ikajiondoa kwenye maombi 2023, na kulinda uwezo wa kutumia ununuzi wa umma kama chombo cha sera za ndani ndiyo sababu iliyotolewa.

Kikwazo halisi kiko kwenye Mkataba wa Kilimo wa WTO, na kinagusa akiba ya chakula zaidi ya chakula cha shule. Serikali ikinunua nafaka za akiba kwa bei iliyoipanga yenyewe, tofauti kati ya bei hiyo na bei ya rejea ya zamani huhesabiwa kama ruzuku yenye kikomo. Ndiyo vita ya India, iliyopata nafuu ya muda kwenye mkutano wa Bali mwaka 2013. Brazil kwenye chakula cha shule hulipa bei ya soko la mahali, kwa hiyo haimo kwenye mgogoro huo. Anayeandika sera mpya asizichanganye njia hizi mbili.

Afrika Mashariki ina kifungu chake kisichokumbukwa na wengi. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inazuia nchi mwanachama kuwabagua wauzaji na bidhaa za nchi wanachama wenzake katika ununuzi wa umma. Sera inayosema mahindi ya shule za Kenya yawe ya Kenya tu inagongana nayo. Inayojengwa juu ya ukubwa wa shamba, ubichi wa mazao na mafungu madogo ina nafasi nzuri zaidi ya kusimama.

Likiletwa kwetu

Kenya ilianzisha mpango wake wa chakula cha shule kutoka mazao ya nyumbani mwaka 2009, katika maeneo kame. Fedha zilitumwa kwenye akaunti za shule, nazo zikaitisha zabuni. Hapo ndipo tofauti na Brazil inapoonekana: zabuni ilibaki ya bei ya chini, menyu ilikuwa mahindi, maharage na mafuta, na shule ziko mahali ambapo mahindi hayastawi. Kwa masharti hayo mwenye ghala na lori hushinda bila hila yoyote. Menyu yenye maziwa, nyama au mtama ingemkuta mfugaji na mkulima wa pale pale.

Tanzania, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mkulima mdogo hakutajwa kama kundi, ingawa kikundi cha wanawake wakulima kinaweza kuingia kwa mlango huo. Ila lazima kijisajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kiwe na namba ya mlipakodi (TIN), na kitoe risiti ya mashine ya kodi (EFD). Kwa AMCOS, yaani ushirika wa masoko ya mazao, yenye mhasibu hilo linawezekana. Kwa mkulima mmoja mmoja haliwezekani. Shule nyingi za kutwa, kwa upande wake, zinalisha watoto kwa michango ya wazazi, mahindi na maharage kwa debe. Pale hakuna fungu la serikali la kutengea asilimia. Soko la kuanzia ni shule za bweni, hospitali na magereza, ambako bajeti ya chakula ipo.

Na nafaka ina hatari ambayo ndizi haina. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi Makueni na Kitui, na mahindi hayo yalikuwa ya mashamba ya pale pale. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mnunuzi wa jumla akileta gunia 300 kutoka ghala moja, zinachukuliwa sampuli za shehena moja. Wakulima 60 wakileta gunia tano tano, kuna shehena 60, kila moja na namna yake ya kukaushwa, na kupima sumukuvu kila moja ni gharama ambayo hakuna shule inayoiweza. Njia inayofaa ni kukusanya kwenye ghala la ushirika: kipima unyevu mlangoni, gunia linalozidi 13.5 linarudi kukaushwa kwenye turubai, mizani inayosoma kilo badala ya gunia la lumbesa, kisha sampuli moja ya pamoja inapelekwa maabara kabla shehena haijaondoka. Gharama ya kipimo na ghala iingie kwenye bei ya tangazo, kama Brazil inavyoingiza usafiri, la sivyo atailipa mkulima.

Linabaki suala la malipo, ambalo linaweza kuua kila kilichopangwa. Mfanyabiashara anayecheleweshewa siku 90 hupandisha bei mwaka unaofuata na kuendelea. Mkulima anayecheleweshewa siku 90 huuza mavuno yanayofuata kwa dalali mwenye fedha mkononi, na harudi. Tahadhari zinazowezekana ni mbili: halmashauri isitangaze ununuzi kabla fungu la fedha halijaingia kwenye akaunti, na ushirika uwe na mkopo wa mzunguko wa kuwalipa wanachama sehemu ya fedha siku ya kupokea mzigo, hati ya mapokezi iliyosainiwa ikiwa ndiyo dhamana. Benki itaikubali hati hiyo pale tu halmashauri itakapokuwa imelipa kwa wakati misimu miwili mfululizo.